Maji Aliyompelekea Lyman Dort

Baba yangu, Ozro Kimpton, alihama mara tano katika maisha yake ya Utah, na hakuna hata mara moja aliyofukuzwa. Wakubwa wa kanisa walipotangaza kwamba wanatafutwa watu wa kwenda kuanzisha mji mpya, kwenye chumvi au kwenye mawe, wanaume wengi walianza kuangalia viatu vyao. Baba alikuwa keshasimama. Mama alikuwa akisema amejifunza kupanda mipichi bila kutegemea kula pichi zake. Beulah, kusini mwa Utah, ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko kote, kwa sababu mbele ya Beulah palikuwa na jangwa tu, na jangwa Baba alikwisha litembea.

Alilitembea akiwa na miaka ishirini na miwili. Ilikuwa mwaka 1846. Watakatifu, ndivyo sisi Wamormoni tunavyojiita, walikuwa wamefukuzwa Illinois, nyumba zao zimechomwa, nao wamejikusanya ukingoni mwa mto Missouri wakiishi ndani ya magari ya ng'ombe. Ndipo maafisa wa serikali walipokuja kuomba wanaume mia tano wajitolee kwenda kupigana na Meksiko. Ni serikali ile ile iliyokaa kimya nyumba zilipokuwa zinaungua. Hata hivyo viongozi wetu walisema nendeni. Baba hakutaka, alikuwa na ndoa ya miezi mitatu. Alijiandikisha kwa sababu rafiki yake Lyman Dort alijiandikisha, na Lyman alijiandikisha kwa sababu alikuwa amemzika mwanawe wa pekee kwenye tope la Iowa wiki sita kabla, na tangu siku hiyo hakuweza kukaa alipokaa jana.

Asubuhi ya kuondoka, Keturah, mke wa Lyman, alimshika Baba mkono wa shati akamwambia, "Wewe ndiye mwenye kichwa kilichotulia. Mrudishe."

Hakumrudisha. Hadithi tuliyoijua sisi watoto wake, na iliyojulikana Beulah nzima, ilikuwa hivi. Kikosi kilitembea kutoka Missouri hadi Santa Fe, kikashuka kusini, kikapambana na mafahali wa porini kwenye mto San Pedro, kikapita Tucson bila risasi hata moja. Baada ya Tucson walikaa siku tatu bila maji wakiutafuta mto Gila, na watu wakaanza kuanguka mmoja mmoja njiani. Wenye nguvu walifika kwenye madimbwi kwanza, wakajaza vyombo, wakatumwa kurudi kuwanusuru wenzao. Baba alirudi maili kumi na moja kumtafuta Lyman. Alimkuta amekufa chini ya kichaka. Akamfunika kwa blanketi lake, akamrundikia mawe, akaomba, akarudi na kumwambia sajini, na sajini akaandika. Kisha Baba akaendelea hadi San Diego, ambako wanajeshi wale wa dini, baada ya kutembea maili elfu mbili kwenda vitani, walipewa kazi ya kuchimba visima, kufyatua matofali na kupaka nyumba za watu chokaa.

Aliporudi kwa Watakatifu mwaka 1848, walikuwa wamekwisha hamia bonde la Ziwa la Chumvi. Alimkuta Mama anaishi ndani ya boksi la gari lililoshushwa chini, na boksi la jirani lilikuwa la Keturah. Ilibidi aende kumwambia kabla hata ya kunawa uso. Keturah hakulia mbele yake. Aliuliza tu kama Lyman alikuwa na viatu, alifunikwa na nini, kichwa kilielekea upande gani. Baba alijibu yote. Wiki iliyofuata akauliza tena, akaongeza swali moja. Wiki ya tatu mengine mawili. Mwaka uliofuata Baba aliinua mkono kujitolea kwa mara ya kwanza, yeye na Mama wakahamia kusini.

Keturah aliolewa tena, na msaga unga mpole aitwaye Joram Stapp, wakazaa watoto saba. Basi ikatokea kwamba mwaka 1880 Beulah ikahitaji kinu, na kanisa likatutumia Joram Stapp na familia yake. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nakumbuka Baba alipoliona gari lao linateremka kilima, aliweka chini mundu, akaenda upande wa pili wa shamba, akarudi, akaenda tena. Mama akasema, "Ozro, kama unatafuta kitu, sema tukusaidie." Akajibu hatafuti kitu.

Tuliishi mji mmoja na Dada Keturah miaka kumi na sita. Kila alipomwona Baba kanisani alimpa mkono na kumshukuru. Kila aliposhukuriwa, Baba hakumaliza ibada; alitoka nje kuangalia farasi.

Mwaka 1896 ulitimia mwaka wa hamsini tangu kikosi kiandikishwe, na Beulah ikaamua kusimamisha jiwe la kumbukumbu. Mji ulikuwa na askari wa zamani wawili walio hai: Baba, na Hosea Plumb, ambaye alikuwa koplo wa kikosi kile na hakuacha kuwa koplo. Mbali nao kulikuwa na majina tisa ya waliokufa ambao familia zao ziliishi kwetu. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule, na kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri nilifanywa karani wa kamati. Ndimi niliyeandika orodha. Kichwa cha sehemu ya chini kilikuwa "Waliofia Njiani," na chini yake niliandika majina mawili, la pili likiwa Lyman Dort. Kamati ikakubaliana kwamba Dada Keturah, mjane wake, ndiye atakayevuta kitambaa.

Tangu siku hiyo Baba hakutulia. Alikuwa na miaka sabini na miwili, mjane, anakaa kwangu na mume wangu. Aliamka, akazibua mfereji uliokuwa hauna uchafu. Alikula nusu ya mkate na maziwa, akaondoka, akarudi kuuliza nani kala mkate wake. Alikwenda na kurudi kwenye barabara ya kinu mpaka Hosea Plumb, aliyekuwa akikaa barazani kwake na fimbo yake, akaanza kumtania. "Ozro, kwa mwendo huo utafika San Diego kabla ya chakula cha mchana. Ukifika, angalia kama chokaa yangu bado imeshika." Zamani Baba angemjibu. Sasa alipita tu.

Juma moja kabla ya sherehe nilimfuata mfereji­ni asubuhi nikiwa na orodha, ili ahakikishe majina yameandikwa sawasawa kabla sijaipeleka kwa mchonga mawe, Ndugu Sorensen. Nilisoma jina moja moja. Nilipofika kwa Lyman Dort, akasema, "Futa hilo."

Nikamuuliza limekosewa wapi.

"Halijakosewa." Akachoma koleo kwenye udongo. "Basi, liache. Usifute. Nenda."

Sikwenda. Nimefundisha watoto miaka kumi na mitano. Namjua mtu mwenye neno mdomoni. Nilikaa kwenye ukingo wa mfereji nikavua viatu, nikatia miguu majini, nikangoja. Akachimba kidogo, akasimama, akachimba tena. Kisha akaniambia huku akiangalia koleo.

Alirudi maili kumi na moja na maji, hilo lilikuwa kweli. Lakini Lyman hakuwa amekufa. Alimkuta ameketi kwenye kivuli cha kichaka pamoja na mzee mmoja wa Tucson mwenye nyumbu wawili, aliyekuwa anarudi nyumbani kutoka mtoni. Mzee alikuwa amempa maji tayari. Lyman alikuwa hana viatu. Amejifunga miguu ngozi mbichi ya ng'ombe. Baba alimwambia inuka twende. Lyman akamwambia hendi. Alisema hana ugomvi na watu wa Meksiko, na amemaliza na watu wa pande zote mbili. Alisema alitembea akidhani imani ingerudi njiani, nayo badala ya kurudi imezidi kubaki nyuma. Baba akamkumbusha Keturah. Lyman akasema, "Mwambie nimekufa. Ukimwambia nimemwacha, atanisubiri."

"Nilimpa maji yangu," Baba alisema. "Alikuwa hayahitaji, lakini nilikuwa nimeyabeba maili zote hizo. Akanywa. Akapanda nyumbu, blanketi mabegani, wakaenda. Mimi nikakusanya mawe."

Sikumwelewa. Nikamuuliza mawe ya nini.

"Niliyarundika, Vilate. Nilitengeneza kaburi. Nilifikiri sajini angetuma mtu kuangalia. Nikaomba juu yake, maana nilikuwa nimekwisha sema moyoni kwamba nitasema nimeomba."

Nilikaa na miguu yangu ndani ya maji mpaka ikafa ganzi. Nikamwambia jina linaweza kuondolewa kimya kimya, nitaieleza kamati kwamba nafasi haitoshi. Akasema amechoka na mambo ya kimya kimya. Alitaka kwenda kwa Keturah mwenyewe, na alitaka niende naye. "Ukiwepo," alisema, "sitayageuza maneno nikifika mlangoni."

Kwa hofu ya kamati nilichelewa siku mbili kumwambia mchonga mawe asubiri, na katika siku hizo mbili Ndugu Sorensen, ambaye hakuwahi kuwahi jambo lolote maishani mwake, alichukua nakala kwa askofu akamaliza kuchonga majina yote.

Tulimkuta Dada Keturah uani anapasua aprikoti na kuzipanga kwenye chekeche za kukaushia. Alikuwa mjane kwa mara ya pili. Alitukaribisha, akampa Baba kiti. Baba hakukaa. Alizungusha kofia mikononi, akasema yote, kuanzia nyumbu hadi mawe, bila kupamba. Keturah hakuacha kupasua aprikoti. Kisu chake kilikuwa kinaingia, kinazunguka, mbegu inatoka.

Alipomaliza, Keturah akauliza, "Na blanketi?"

"Aliondoka nalo."

"Ulisema ulimfunika nalo. Ulisema ulimfunika mpaka usoni, ukaweka jiwe bapa juu ili upepo usilifunue. Nililifuma mimi blanketi lile. Miaka hamsini nimekuwa nikifikiri, angalau hana baridi."

Baba akasema anajua.

"Hujui. Joram aliponichumbia nilikataa mara mbili kwa ajili ya mawe yale. Mtoto wangu wa kwanza na Joram nilimpa jina la Lyman. Nilimheshimu maiti ambaye alikuwa anakula maharage Tucson." Akaweka kisu chini. "Alisema ningemsubiri. Na wewe ukakubali. Mkakaa chini ya kichaka, wanaume wawili, mkaamua nitafanya nini."

Kisha akamwambia aondoke. Alimwita Ndugu Kimpton, ambavyo hakuwahi kumwita.

Kamati ilimngojea Keturah ajitoe kwenye sherehe, maana mimi nilikuwa nimewaeleza. Hakujitoa. Tarehe kumi na sita Julai alikuja na gauni lake jeusi la kanisani, akakaa mstari wa mbele. Askofu alihutubia, bendi ya vijana ikapiga, Hosea Plumb akasimama akaeleza habari za mafahali wa San Pedro, ambao waliongezeka kila mwaka. Baba alisimama nyuma kabisa, karibu na farasi. Keturah alipoitwa kuvuta kitambaa, alikwenda, akageuka kutazama watu.

Alisema kwa sauti ya kawaida kwamba Lyman Dort hakufa jangwani. Alichoka, akaacha kikosi, akaenda zake akiwa hai, na yeye amelijua hilo wiki hii. "Sitaki jina lifutwe," alisema. "Alizika mtoto kisha akatembea mpaka Tucson bila viatu. Maili hizo alizitembea. Lakini msiwasomeshe watoto kwamba alikufa, na msiniite mjane wa shujaa. Mimi ni mjane wa Joram Stapp, na hakuna aliyemwandika Joram kwenye jiwe." Halafu akasema hatavuta kitambaa, avute yule aliyerundika mawe.

Ilibidi Baba apite katikati ya watu wote. Alivuta. Hakuna aliyepiga makofi, ila mtoto mmoja aliyedhani ndiyo zamu yake.

Wiki zilizofuata mji uligawanyika. Hosea Plumb alisema jina la mtoro halitakaa jiwe moja na lake. Alikuja barazani kwetu kumwambia Baba ana kwa ana kwamba alimdanganya sajini, na sajini alikuwa mtu wa haki, na kwamba yeye Hosea alibeba bunduki ya Baba siku mbili Baba alipougua, na kama angejua angeiacha kwenye mchanga. Baba alimwambia ana haki ya kusema hivyo. Hilo lilimkasirisha zaidi. Alikuwa amekuja kugombana.

Kamati ikapiga kura, tano kwa nne, jina libaki, ila maneno "Waliofia Njiani" yabadilishwe. Ndugu Sorensen akasema jiwe si ubao wa shule. Mwishowe aliongeza tu maneno "Waliobaki na" mbele, kwa herufi ndogo zilizobanana, ikawa "Waliobaki na Waliofia Njiani." Hapo Hosea Plumb akasema, ama Dort ama yeye. Kamati haikusogea. Basi Hosea akamleta Sorensen kwa mkono mpaka kwenye jiwe, akamsimamia na fimbo, akahakikisha jina lake mwenyewe, la Hosea, linafutwa lote kwa patasi. Kovu lile linaonekana mpaka leo. Wajukuu zake huwaambia wageni kwamba ni radi.

Mimi nilidhani Baba, baada ya kusema, angetulia. Ilikuwa kinyume chake. Kabla ya hapo alikuwa anatembea barabara ya kinu. Sasa alizungumzia Tucson. Keturah hakuongea naye mwaka mzima, ila siku moja alimsimamisha nje ya kanisa akamuuliza swali moja: baada ya nyumbu kuondoka, Lyman alikwenda kuishi namna gani? Baba akasema hajui. Keturah akatikisa kichwa, akaenda.

Mwezi uliofuata Baba alianza kufunga mzigo. Nilimkataza, mume wangu akamkataza, askofu akaja kumwambia ana miaka sabini na mitatu. Akatusikiliza wote huku akipaka viatu mafuta. Aliondoka na wasafirishaji wa mizigo hadi kwenye reli, akapanda treni kwa njia ndefu ya kuzunguka, akafika Tucson kwa siku tano, safari iliyomchukua nusu mwaka zamani. Alikaa wiki saba. Alituandikia barua moja, ya mistari minne, mitatu ikiwa juu ya joto.

Aliporudi alikuwa amekonda, na hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwa Keturah na vumbi lake, na mimi nikamfuata nyuma na chungu cha mchuzi nikiogopa ataanguka. Keturah alikuwa ameketi barazani. Safari hii Baba alikaa kabla ya kuambiwa.

Alimwambia alizunguka mitaa yote ya wazee. Kanisani hapakuwa na jina la Dort. Mama mmoja aliyepofuka uzeeni, mwenye miaka zaidi ya themanini, alikumbuka mgeni mweupe aliyekuja mwaka wa wanajeshi wenye ndevu, akitengeneza magurudumu, hakuzungumza sana. Alikuwa na blanketi la mistari ya buluu ambalo hakutaka kuliuza. Homa ilimwua baada ya miaka miwili au mitatu. Kama alioa, mama yule hakujua. Kaburi lilikuwa upande wa mto, na mto ulikwisha lichukua.

"Lilikuwa na mistari ya buluu," Keturah alisema polepole. "Je, ni yeye?"

Nilimwangalia Baba. Nilijua jinsi ingekuwa rahisi.

"Sijui," akasema. "Watu wengi wana blanketi za buluu. Nimekuambia nilichoambiwa."

Keturah akanigeukia akaniambia nisisimame na chungu kama mgeni, sahani ziko kabatini. Tulikula mchuzi wangu pale barazani, watu watatu, na Keturah akamuuliza Baba maswali: mama kipofu alikaa nyumba ya namna gani, magurudumu ya magari gani, mto ulikuwa umbali gani. Kwa mengi Baba alijibu hajui. Aliendelea kumuuliza.

Baba aliishi miaka minne mingine. Hosea Plumb hakumsamehe, ingawa alikuja mazishini na kubeba kona ya jeneza, akisema ni kwa sababu wabebaji walikuwa hawana mpangilio. Wiki aliyofariki, Baba alikuwa amesikia kwamba kuna mji mpya unaanzishwa kaskazini mwa Meksiko na wanatafutwa watu wa kujitolea. Tulikuta viatu vyake vimepakwa mafuta mlangoni, na ndani ya mfuko wake wa koti kuna barua kwa askofu, haijakamilika, akitaka kujua huko wanakokwenda maji yako wapi.